Mkono Juu ya Kichwa cha Kasuku

Kambini, 3 Juni

Dada yangu mpendwa,

Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Kama uko zamu, tia barua hii mfukoni mwa gwanda, uisome ukifika nyumbani, maana sitaki mgonjwa achomwe sindano pasipostahili kwa sababu yangu.

Nimepewa kuigiza Yesu.

Sikutanii. Unajua nilikuja huku kufunga mabomba ya kambi ya watu wa filamu. Nilikuwa chini ya sinki la jikoni, miguu nje, mwongozaji akapita akauliza hiyo miguu mirefu ni ya nani. Nikatoka na spana mkononi. Akanitazama, akanizungusha kama mtu anayenunua kabati, akasema nywele na ndevu zisiguswe. Kumbe mwigizaji waliyemtegemea amewakimbia. Nikamwambia, "Bwana, mimi ni fundi bomba." Akasema, "Na yule alikuwa seremala."

Basi zile ndevu ambazo mama amezililia miaka yote ndizo zimenipa kazi. Wenzangu nao ni mchanganyiko wa ajabu. Petro ni golikipa mstaafu. Akishika wavu wa samaki utadhani anataka kuudaka. Maria ni karani wa benki, mdogo kwangu kwa umri, na mimi ndiye ninayemwita mama. Pilato hataki kuvua saa yake. Yuda ni kinyozi, mtu mpole kuliko sisi sote, hula wengine wakishakula. Tunalala naye chumba kimoja. Mashine yake ya kunyolea ameileta huku na huondoka nayo kila aendako, kama mganga na mkoba wake.

Simu zetu zimefungiwa sandukuni ili picha zisivuje, kwa hiyo ni barua tu. Dereva wa lori la vyakula hupita mbele ya hospitali yenu. Majibu mpe yeye.

Mama usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe, taratibu.

Mdogo wako,
Ngongoti

*

Hospitali, 8 Juni

Mdogo wangu Ngongoti,

Nilianza kusoma nimesimama, nikaishia kukaa juu ya ndoo ya kudekia. Wewe, uliyekuwa ukisinzia kanisani hadi unatoa sauti.

Mama nimemwambia. Utanisamehe, siri ya namna hii haikai kifuani mwa mtu mwenye mdomo kama wangu. Alizima jiko, akaniuliza kama nina homa. Nilipomwonyesha mwandiko wako aliusoma mara mbili. Kisha akaitoa ile picha yako ya kitambulisho, yenye ndevu, akaitundika sebuleni. Juzi nikamkuta amesimama mbele yake amefumbata mikono. Nikamuuliza, "Mama, unamwomba mwanao?" Akasema alikuwa anafuta vumbi. Kitambaa hakuwa nacho.

Anauliza kama wale askari watakupiga kweli au kwa kuigiza tu. Mjibu, hapati usingizi.

Mimi nina neno moja. Siku moja gwanda langu lililowa, nikaazima la daktari. Wagonjwa waliniita daktari siku nzima, na kila nilipokataa walidhani najishusha tu. Watu huamini wanachokiona, mdogo wangu. Kuwa mwangalifu na hiyo kanzu.

Dada yako

*

Kambini, 17 Juni

Dada,

Mwambie mama viboko ni vya kamba laini, vimepakwa rangi. Vinatekenya.

Ila kuna mambo huku sikuyatarajia. Ilianza kwa mzee mmoja aliyenikuta njiani nikiwa nimevaa mavazi ya kazi. Alivua kofia, akainama. Nilicheka, nikamwambia, "Mzee wangu, mimi ni fundi bomba." Akatikisa kichwa kwa upole, akasema hata yule hakupenda kutangazwa. Kesho yake walikuwa watano getini. Sasa hatuwahesabu tena. Wanaleta vikohozi, miguu iliyovimba, watoto wasiolala. Mmoja kaleta mkataba wa shamba.

Nimemlalamikia mwongozaji. Anasema niwaache, kwani ndio watakaokuwa umati wetu siku ya mahubiri ya kilimani, na nyuso kama zile hazifundishiki. Kwa hiyo mimi huwasalimia tu, nikapita.

Anayeumia zaidi ni Kinyozi. Alikwenda kununua sabuni, mwenye duka akamwambia, "Kwako wewe sabuni haitoshi." Amesimulia chumbani tukacheka, kisha akageukia ukutani. Sasa namnunulia mimi kila kitu. Mtu hajamsaliti hata kuku, na akina mama wanavuta watoto wao kando anapopita.

Nina swali, kabla sijasahau. Kuna mtu hapa ameniuliza, nami nikakumbuka nina dada muuguzi. Mtu mwenye kifafa akiacha vidonge ghafla, kuna ubaya wowote? Ni swali tu.

Ngongoti

*

Kambini, 20 Juni

Dada,

Sikusubiri jibu lako. Nina jambo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Lile swali halikuwa la mtu. Ni langu. Yupo mama mmoja mwenye binti wa miaka minane. Wanamwita Kasuku, kwa kuwa haishiwi maneno. Aliniuliza kama viatu vya Yesu vinaruhusiwa kuwa na soli ya tairi. Ana kifafa. Mama yake alikuja getini kila siku, hakuniomba chochote, anasimama tu na kunitazama. Siku ile mtoto akaanguka pale pale mbele yangu. Watu wakatawanyika kama wamemwagiwa maji ya moto. Mimi nikabaki. Nikapiga magoti, nikamwekea mkono kichwani kisijigonge kwenye mawe. Alipotulia, kila mtu ananitazama, na mimi sijui la kusema. Likanitoka neno la kwenye mswada, lile tulilokuwa tumelirudia asubuhi nzima: "Binti, nenda kwa amani, umepona."

Dada, nililisema kama mtu anavyosema pole. Lakini mama yake alilisikia vingine. Alivitupa vidonge chooni.

Nilitaka kumfuata nikamkanye, wallahi nilitaka. Lakini jana amekuja mbio, anacheka na kulia kwa pamoja. Kasuku hajaanguka tena. Anasema tangu azaliwe hawajawahi kuwa na siku za utulivu kama hizi. Mtoto mwenyewe ameniimbia wimbo mzima, na beti nyingine ametunga hapo hapo.

Usinicheke. Nimelala naangalia viganja vyangu. Najua ni vya kufungulia nati. Lakini je, ikiwa?

Ngongoti

*

Hospitali, 21 Juni

Ngongoti,

Hii ni kwa barua yako ya tarehe 17. Ubaya upo, tena mkubwa. Mtu akiacha vidonge vya kifafa ghafla, ugonjwa hurudi kwa kishindo kuliko mwanzo. Anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na wengine hawaamki.

Sasa niambie, ni nani huyo aliyeuliza? Nakujua mimi. Ulipokuwa mtoto ukivunja kikombe, ulikuja kuniuliza gundi inauzwa duka gani, uso mkavu. Mtafute huyo mtu leo. Avimeze leo.

Dada yako

*

Hospitali, 23 Juni

Barua zetu zimepishana njiani. Ya kwako imenikuta kazini na nimeisoma huku nimeshikilia ukuta.

Ikiwa nini? Hebu imalizie hiyo sentensi uisikie.

Dawa ile haitoki mwilini siku moja. Hukaa, ikapungua polepole, na mtoto huonekana mzima mpaka iishe. Utulivu unaouona ni wa vidonge alivyomeza kabla vingine havijatupwa chooni. Ukiisha, hakuna wimbo.

Nimempa dereva wa lori pakiti ya dawa na maelezo ya kumpa muuguzi wa zahanati ya hapo. Nenda kwa yule mama. Vua kanzu kabla hujaondoka chumbani. Piga magoti kama ulivyopiga mara ya kwanza, mwambie ulikuwa unaigiza. Atakuchukia, na akuchukie.

Nimekaa na wagonjwa miaka yote hii, sikujua kwamba mtu anaweza kumuumiza mtoto kwa kumshika vizuri.

Dada yako

*

Zahanati, 25 Juni

Kwa dada wa rafiki yangu,

Shikamoo. Hunifahamu. Mimi ni kinyozi, ndiye ninayeigiza Yuda. Barua hii anakuja nayo mama wa mtoto kwenye gari la wagonjwa, kwa sababu mtoto analetwa kwenu. Nimeona ni haki ujue yaliyotokea kabla hujamwona.

Leo tulikuwa kilimani tunapiga picha za mahubiri. Umati wote ulikuwa umekaa kwenye nyasi, na ndugu yako amesimama juu ya jiwe. Lori lilikuwa limefika asubuhi, na barua zako zote mbili zilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake, chini ya kanzu. Alizisoma huku wanampaka rangi usoni. Alitaka kuondoka pale pale, mwongozaji akamwambia, "Piga hii moja, kisha nenda." Akakubali. Nakuandikia hili kwa sababu yeye hatajisamehe kwalo, na pengine wewe utaweza kumsaidia.

Kabla hajamaliza maneno, umati ulipasuka katikati. Mama alitokea na binti mikononi, mwili umekakamaa, macho yamegeuka. Akamlaza miguuni pa ndugu yako. Akasema, "Ulimshika akapona. Mshike tena."

Ndugu yako alishuka kwenye jiwe. "Mama, huyu ni wa hospitali. Mimi si yeye."

"Sema tu lile neno."

"Neno si langu, mama. Ni la kwenye karatasi."

Mtoto alitulia kidogo, akaanza tena bila kufumbua macho. Mimi nilikuwa nimeshaleta gari la mavazi mpaka kwenye nyasi. Nikainama nimbebe. Mama akanipiga mkono ukarudi. "Yuda hamgusi mwanangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayesema sumu haiwekwi mezani. Wanaume wawili wakasimama mbele yangu. Mmoja wao niliwahi kumnyoa mwanawe wiki mbili tu nyuma, kabla sijavaa mavazi haya.

Ndipo ndugu yako akasema, "Kinyozi, lete mashine."

Aliniita kwa kazi yangu. Nilielewa. Nikaipitisha mara moja kuanzia sikio hadi kidevu, na mara ya pili katikati ya kichwa, toka paji hadi kisogoni. Nimenyoa maharusi na maiti, lakini sijawahi kunyoa mtu namna ile. Nywele zilimwangukia mtoto kifuani. Watu wote waliguna kwa pamoja. Akaivua kanzu, akabaki na fulana yake ya kazi iliyochanika kwapani.

Akasema, "Nitazame vizuri, mama. Mimi ni fundi bomba. Huyu ni kinyozi, na ndiye kati yetu anayejua kuendesha gari. Tupe mtoto."

Yule mama alimtazama. Niliona anavyoelewa. Sitaki kuona tena uso wa mtu ukielewa hivyo. Kisha akaachia mikono.

Hapa zahanati wamemchoma sindano, mitikisiko imekwisha, lakini hajaamka. Ndugu yako amekaa chini uani, nusu ana ndevu, nusu hana. Nilimpa kalamu akuandikie. Aliandika "Dada", akashindwa kuendelea.

Wako kwa heshima,
Kinyozi

*

Hospitali, 2 Julai

Mdogo wangu,

Yuko hai. Nimeliandika hilo kwanza ili upate kupumua.

Aliamka siku ya pili. Mkono wa kulia hauna nguvu bado, na maneno yanamtoka moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Daktari anasema yatarudi mengi, labda si yote. Dawa anameza. Wewe hakukumbuki, wala kilima hakikumbuki.

Ilinibidi kuzungumza na mama yake. Nilijiandaa. Nilitaka kumwomba radhi kwa niaba yako, na nilitaka pia, nitakuambia ukweli, kumfokea kidogo. Nikamvutia kiti. Nikamuuliza, "Mama Kasuku, hukujua kwamba wale ni waigizaji?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Nilijua," akasema. "Niliwaona wakipiga misumari ile misalaba. Nilimwona akivuta sigara nyuma ya choo."

Hilo la sigara tutalizungumza siku nyingine. Nikamuuliza, sasa kwa nini?

Akasema hivi, nami nakunukulia kama alivyosema: "Mwanangu akianguka watu hukimbia. Wanasema mate yake yanaambukiza. Shuleni amepewa kikombe chake peke yake na sahani yake peke yake. Baba yake alikuwa anatoka nje mpaka iishe, mwishowe akatoka moja kwa moja. Tangu azaliwe, hakuna mtu mwingine aliyemshika kichwa. Yule alimshika. Nikasema moyoni, kama si yeye, basi ametumwa naye."

Nilikosa pa kutazama, Ngongoti. Kwa sababu siku walipofika, mama wa kitanda cha jirani aliomba kuhamishwa, hataki mwanawe alale karibu na kifafa. Na mimi, muuguzi mwenye cheti ukutani, sikumwelimisha. Nilichoka, nikaona njia ya mkato. Sikumhamisha yeye. Nilimhamisha Kasuku, nikampeleka pembeni kabisa, nyuma ya pazia. Mama yake alikuwa akiniona nikisukuma kile kitanda na hakusema kitu. Amezoea.

Nimekirudisha kitanda katikati ya wodi. Aliyetaka kuhama amehama mwenyewe.

Sasa sikiliza. Nilikuandikia uende kwake akuchukie. Hakuchukii, na nadhani hilo litakuwa zito zaidi kwako. Njoo. Wiki ijayo nampeleka mama kwa daktari wa macho, tutakuwa mbali siku nzima, utaingia wodini bila mimi, na ni afadhali hivyo. Akianguka ukiwepo, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, usimkandamize. Kaa naye mpaka apite. Ni hayo tu. Hata mtu ambaye si kitu anaweza.

Dada yako

*

Nyumbani kwako, 11 Julai

Dada,

Naandika mezani kwako. Wewe na mama hamjarudi.

Filamu nimeachana nayo, na ujue kwa nini, kabla hujaisikia kwa wengine. Siku ile kilimani kamera hazikuzimwa hata mara moja. Mwongozaji alituita baadaye akatuonyesha: yule mama, mtoto, mimi na mashine ya Kinyozi kichwani. Akasema ndicho kitu bora kabisa alichowahi kupiga, na kwamba ataanzia nacho tangazo. Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa anatabasamu. Kasuku alikuwa hajaamka bado.

Aliyesema ni Maria, yule karani. Alivua ushungi, akaukunja vizuri, akauweka mezani, akasema, "Futa, au tafuta Maria mwingine." Petro akafuata. Kisha askari wote wa Kirumi, mmoja mmoja, wakarundika kofia zao za bati. Pilato alikuwa hana cha kuvua, akavua saa. Mwongozaji akatukana, akafuta, Kinyozi amesimama begani kwake akihakikisha. Wao wamerudi kazini na wamepata Yesu mwingine, mfupi kidogo. Mimi nimerudi kwenye mabomba.

Leo nimekwenda wodini. Kinyozi alinisindikiza, akabaki mlangoni kwa kuwa hakuwa na hakika. Mama Kasuku alimwona. Alikuwa anamvua mwanawe viatu. Akaona mikono imejaa, akamwambia, "Nishikie hivi." Kinyozi ameshika vile viatu viwili muda wote niliokuwa pale, kwa mikono miwili, kama amepewa mayai.

Kasuku aliniuliza mimi ni nani. Nikamtajia jina langu la utani. Akalirudia polepole, silabi kwa silabi, akacheka kidogo upande mmoja wa mdomo.

Halafu akaanguka, Dada. Fupi, si kama ile, muuguzi amesema inaweza kutokea mpaka dawa ikae sawa. Mtu wa kitanda cha pili alisimama akatoka. Nikamlaza ubavu. Nikavua shati nikalikunja chini ya kichwa chake, nikaweka mkono pale pale nilipouweka mara ya kwanza. Midomo yangu ilitaka kusema kitu. Nikaifunga. Mama yake alikuwa upande wa pili, naye kimya.

Ikapita. Alifumbua macho, akatazama shati langu, mate yamelowa mpaka kwenye kola. Akahangaika kutafuta maneno.

"Nimekuchafua?"

"Kidogo."

"Pole."

Nikamwambia, "Shati hufuliwa. Lala."

Akalala, na mimi nikakaa hapo hapo, kifua wazi katikati ya wodi yako, mpaka wakaja kunifukuza.

Ngongoti